Huko Juu Ni Wapi?

Daftari ni lile la hesabu za mayai,
nimeligeuza nikaanzia nyuma.
Nimeandika SAADANI, nikapiga mstari kwa rula ya Aikande,
ndipo umeme ukakatika Pasua nzima
nikaendelea kwa tochi ya simu.

Mafuta. Noah ni ya shemeji,
ameitoa kwa shingo upande: tairi za nyuma zimeisha,
na asisikie tumeipitisha kwenye mchanga.
Nikaandika, tairi mbili.
Nikafuta, tairi moja.

Kiingilio, sisi wawili.
Aikande, miaka kumi. Sifaeli, saba.
Ndekirwa—
hapo kalamu ikasimama.
Aliye chini ya mitano haulizwi kitu getini,
na Ndekirwa anatimiza mitano Desemba tarehe kumi na tisa.
Likizo ya baba yake inaanza kumi na tano.
Nina siku nne za kuwa na mtoto wa bure.

Baba yake alicheka hadi akakohoa.
Mwenyewe hakucheka. Alisimama mlangoni na gauni la kulalia:
"Nitamwambia askari nina mitano.
Nitamwonyesha na vidole."

Bado Bibi wa Uru.
Desemba kila Mchaga anapanda,
barabara yote ya Dar imeelekeza pua mlimani,
na sisi ndio tunashuka,
kama watu wanaotoka kanisani sadaka inapopita.
Nilimpigia. Alinyamaza muda wa kuchambua ungo wa maharage.
"Huko kuna nini?"
Kuna tembo, mama, na bahari, mahali pamoja.
"Tembo nao mnawalipia?"
Kisha akataja tarehe ishirini na mbili, ya kurudi,
akakata simu.
Nimeizungushia duara mara mbili.

Sifaeli haulizi bei.
Jumamosi nilimkuta uani na beseni la kufulia,
pakiti nzima ya chumvi,
tembo wa plastiki aliyevunjika mkonga,
anakoroga kwa mwiko wangu wa ugali.
Akachovya kidole, akalamba, akakunja uso, akaongeza.
"Najaribu kama nitaweza."
Mkono ulishainuka, kwa ajili ya ile chumvi.
Nikauteremsha, nikachovya kidole changu.

Nina miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Kiboriloni,
na bahari nimeiona kwenye kalenda ya benki.
Hilo humu ndani hakuna anayelijua.
Kwa jinsi ninavyopanga, wanadhani nimeshafika.

Usiku akaniita kitandani kwake.
"Mama, huko juu ni wapi?"

Kwetu juu ni mlimani,
chini ni stendi, reli, miwa.
Mgeni akiuliza duka unamwambia panda kidogo,
hata pale barabara ilipolala kama mkeka.
Wiki nzima mawingu yakiufunika
bado unajua upo,
kama unavyojua mtu yumo chumbani gizani.

"Kama mlima haupo, tutajuaje njia ya kurudi?"

Nilisema baba ana ramani kwenye simu.
Halikuwa jibu. Aligeukia ukutani kwa adabu
akajifanya amelala.

Same, Mombo, Segera, Mandera tukate kushoto.
Maji ya kunywa. Dawa ya kutapika.
Sweta tatu, nimeandika kwa mazoea;
nimezikata, nimerudisha moja.
Jumla imezidi kwa tairi moja, ileile.
Nitauza majogoo wawili na sitamwambia mtu bei.
Mwishoni, chumvi, pakiti moja,
ya kurudisha kabatini.

Umeme umerudi. Nimetoka uani kuanua nguo.
Beseni bado liko palepale, jua la siku tatu limelinywa.
Tembo amelala ubavu kwenye sakafu nyeupe,
na juu yake, kuzunguka beseni,
umebaki mstari mwembamba
kuonyesha bahari ilipofika.